Baba Yetu kwa Kifaransa: kanisani Ufaransa ukiwa au pair

Mtu aliyelelewa kanisani Moshi, Bukoba au Kisumu akifika Ufaransa kama au pair, yaani kijana anayeishi na familia ya wenyeji na kuwaangalizia watoto, huku akijifunza lugha, wiki za kwanza haambulii kitu. Watoto wanaongea haraka, redio inaongea haraka, muuza mikate naye ndiyo hivyo hivyo. Halafu Jumapili anaingia kanisani, padre anainua mikono, na mara anajua neno linalofuata ni lipi. Kifaransa bado hana, ila Misa anaijua. Nafasi ya namna hiyo huipati kwenye darasa lolote la lugha, na inaniuma kuona vijana wengi wanaiacha ipite kwa sababu hakuna aliyewaonyesha jinsi ya kuitumia.

Ninayoandika hapa ni ya Ufaransa. Ubelgiji na Uswisi wana taratibu zao za au pair. Na kama umetoka Bukavu au Bujumbura, ambako Misa ya Kifaransa si kitu kigeni, mengine ruka tu, nenda moja kwa moja kwenye mkataba.

Mkataba ndio wa kwanza, kwa sababu Jumapili isipopatikana mengine yote hayana maana. Au pair si dada wa kazi. Sheria ya Ufaransa inamtaka awe na umri wa miaka 18 hadi 30, asifanye kazi zaidi ya saa 25 kwa wiki, apewe fedha ya mfukoni isiyopungua euro 320 kwa mwezi, na apate angalau siku 1 nzima ya mapumziko kila wiki. Tatizo ni kwamba sheria haisemi siku hiyo iwe Jumapili. Mkataba wa Ulaya kuhusu au pair, uliotiwa saini Strasbourg mwaka 1969 na ambao Ufaransa iliuridhia, ndio unaosogea karibu zaidi: unataka angalau siku moja ya mapumziko kila mwezi iangukie Jumapili, na au pair apewe nafasi kamili ya kushiriki ibada za dini yake. Watu wengi hawajui kwamba neno "ibada" limeandikwa humo. Wewe lijue.

Kwa hiyo ongea na familia kabla ya kusaini, siyo baada ya kufika. Sentensi hii inatosha kwenye barua pepe: "Je souhaite aller à la messe le dimanche matin. Est-ce possible que mon jour de repos soit le dimanche ?" Maana yake: ningependa kwenda Misa Jumapili asubuhi, je, siku yangu ya mapumziko inaweza kuwa Jumapili? Kama umetoka KKKT (Walutheri wa Tanzania), Anglikana au kanisa la kipentekoste, badala ya "à la messe" andika "au culte". Wakikujibu ndiyo, omba iandikwe kwenye ratiba ya mkataba. Neno la mdomo huwa linadumu mpaka Jumapili ya kwanza ambayo wazazi wamechoka. Na kama familia inataka uende na watoto wao kanisani, sawa, lakini saa hizo ni za kazi na zinahesabiwa kwenye zile 25. Usiwapeleke bila ruhusa ya wazazi iliyo wazi. Familia nyingi za Kifaransa hazina dini, nyingine hazitaki kabisa mtoto apelekwe kwenye ibada, na hilo ni la kuheshimu.

Kanisa lenyewe ulitafuteje? Kwanza neno "temple". Sisi tukilisikia tunafikiria hekalu. Ufaransa, "temple" ni jengo la Waprotestanti, na "église" mtaani kwa kawaida ni la Wakatoliki. Mlutheri anayepita mbele ya "temple" akiendelea kutafuta "église luthérienne" amelipita kanisa lake, maana Walutheri na Wareformati (Waprotestanti wa mapokeo ya Calvin) wengi waliungana kuwa Église protestante unie de France, na kibao cha mlangoni kitasema hivyo. Alsace na Moselle wana muungano wao tofauti. Wakatoliki wana tovuti ya messes.info: unaandika jina la mji, inakupa Misa za karibu na saa zake.

Angalia tovuti hiyo kila wiki, usiangalie mara moja ukaridhika. Huko vijijini padre mmoja anahudumia makanisa mengi, kwa hiyo Misa inazunguka: Jumapili hii iko hapa, ijayo iko kijiji cha tatu. Kengele ikilia haimaanishi kuna Misa, kwa sababu mara nyingi inalia saa tu. Ukifika ukakuta mlango umefungwa, soma karatasi iliyobandikwa ubaoni. Jina la kijiji chenye Misa leo liko hapo.

Saa nazo zinawaponza Waswahili kwa namna ambayo Mkenya na Mtanzania wanaielewa bila kuelezwa. "Messe à 10h30" ni saa nne na nusu asubuhi. "18h30" ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwa masikio hali ni ngumu zaidi: ukisikia "onze heures" akili inakimbilia saa kumi na moja, na aliyezoea saa ya Kiswahili atafika Misa imekwisha zamani. Toa sita kila mara mpaka iwe mazoea. Halafu kuna jambo ambalo Afrika Mashariki hatuna kabisa. Jumapili ya mwisho ya Machi, saa nane usiku, saa zinasogezwa mbele kwa saa moja. Simu inajirekebisha yenyewe, saa ya ukutani haijirekebishi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba zinarudishwa nyuma, na siku hiyo utafika mapema na kusubiri kwenye baridi.

Kama familia inakuhitaji Jumapili asubuhi, Misa ya Jumamosi jioni, "messe anticipée", inahesabiwa kama ya Jumapili. Ijue mapema, itakuepusha na ugomvi. Pia angalia basi la kurudi kabla ya basi la kwenda. Miji midogo mingi mabasi ya Jumapili ni machache mno, kwingine hakuna kabisa. Kuomba lifti baada ya Misa si aibu: "Est-ce que quelqu'un rentre vers la gare ?", kuna anayerudi upande wa stesheni? Wazee wenye magari hukubali, na dakika kumi ndani ya gari na bibi mmoja ni somo zuri la Kifaransa.

Sasa tuje kwenye lugha, na tuanze na Baba Yetu. Iandike kwenye karatasi kwa mistari miwili, Kiswahili juu, Kifaransa chini.

Jina lako litukuzwe: "que ton nom soit sanctifié". Ufalme wako uje: "que ton règne vienne". Mapenzi yako yatimizwe: "que ta volonté soit faite". Tazama vitenzi vyetu, vyote vinaishia na -e: litukuzwe, uje, yatimizwe. Ndiyo ile -e ya kuomba na kutaka, ambayo mtoto wa Kiswahili anaitumia kabla hajaanza shule. Wafaransa wana kitu hicho hicho, wanakiita "subjonctif", na wanafunzi kutoka lugha nyingine wanalia nacho kwa miezi. Wewe tayari unajua kinatumika wapi. Palipo na "que" ya kutaka, Kiswahili kinaweka -e na Kifaransa kinabadilisha kitenzi. Kutoka kwenye sala hiyo moja una "soit", "vienne" na "soit faite", na siku hiyo hiyo unaweza kumwambia mtoto "il faut que tu viennes", ni lazima uje, au "il faut que tu sois sage", ni lazima utulie. Matamshi ni yale yale ya sala, tofauti iko kwenye maandishi tu.

Kuna cha pili humo humo. "Sanctifié" kwa sababu "nom" ni neno la kiume, "faite" yenye t inayosikika kwa sababu "volonté" ni la kike. Mswahili asishangae: jina li-, mapenzi ya-. Ngeli zetu ni nyingi kuliko zao. Anayeweza kusema "litukuzwe" na "yatimizwe" bila kufikiri hana sababu ya kuogopa jinsia mbili.

Cha tatu kinaonekana kidogo lakini ndicho kinachokosewa kila siku jikoni. "Donne-nous aujourd'hui notre pain", utupe. Kisha "ne nous laisse pas entrer en tentation". Kwenye Kiswahili "tu" inakaa pale pale, u-tu-pe, usi-tu-tie. Kifaransa kinaihamisha: kwenye kuagiza "nous" iko nyuma ya kitenzi, kwenye kukataza inarukia mbele. Wageni husema "ne donne-moi pas" na watoto wanawacheka. Ukisitasita, tia sala kichwani: "donne-nous", "ne nous laisse pas". Badilisha kitenzi, acha mpangilio. "Ne me tape pas", usinipige, utaihitaji.

Ukipata maandishi ya zamani utakuta "ne nous soumets pas à la tentation". Maneno hayo yalibadilishwa kwenye Misa za Ufaransa tarehe 3 Desemba 2017, na wazee wengine bado wanayasema kwa mazoea. Jifunze ya sasa. Vivyo hivyo kwa Misa nzima: tafsiri mpya ya Kifaransa ilianza kutumika Ufaransa tarehe 28 Novemba 2021, kwa hiyo kijitabu cha kurithi kutoka kwa au pair wa zamani kitakupotosha hapa na pale. Kwenye Nakuungamia, kwa mfano, sasa ni "devant vous, frères et sœurs". Kwenye Nasadiki, "consubstantiel au Père". Neno hilo la mwisho ni gumu hata kwa Wafaransa wenyewe. Likate vipande, lisikutishe.

Matamshi. U yetu ni "ou" yao: "nous", "tout", "amour", hapo huna kazi. Kazi iko kwenye "u" yao, ya "tu", "du", "Jésus". Weka midomo kama unasema u, kisha ukiwa hivyo hivyo sema i. Usiache midomo ifunguke. "On", "an" na "in" zinatoka puani na ulimi haugusi popote. Ukigusa meno umesema n, na "pain" inaharibika. Halafu maneno yanashikana. "Ceux qui nous ont offensés", waliotukosea, kwenye karatasi ni maneno matano, kwenye sikio sehemu ya mwisho ni kamba moja: nu-zon-to-fan-se. Ndiyo maana unaweza kuisoma vizuri na usiisikie padre akiitamka. Iseme kwa sauti mara ishirini ukikunja nguo za watoto, na sikio litaanza kuzikata kamba nyingine lenyewe.

"Jésus" haina s ya mwisho. "Jésus-Christ" kwa Wakatoliki inaishia "kri", kwa Waprotestanti utasikia "krist", na "le Christ" kwa wote ni "krist". "Amen" ni "amèn", yenye e iliyo wazi. Na tahadhari kuhusu nyimbo: ile e ya mwisho ambayo kwenye mazungumzo inakufa, kwenye wimbo inapewa noti yake. "Terre" ikiimbwa inakuwa silabi mbili. Anayejifunza kwa kwaya peke yake anaanza kuongea kama anaimba, na dukani wanamwangalia.

Baada ya Baba Yetu, shika majibu mafupi. Mengi unayajua kwa moyo. "Et avec votre esprit", na awe rohoni mwako. "Nous le tournons vers le Seigneur", tumeiinua kwa Bwana. "Cela est juste et bon", ni vema na haki. Kabla ya komunyo: "Seigneur, je ne suis pas digne de te recevoir, mais dis seulement une parole et je serai guéri." Sentensi hii moja ina ukanushaji, amri, na wakati ujao. Ishike kama dhahabu. Dada husema "je serai guérie", ila e hiyo ya kike haisikiki, ni ya kwenye maandishi tu.

Majibu yakishakaa, nenda kwenye masomo. Kanisa Katoliki linasoma masomo yale yale ya Jumapili dunia nzima, kwa mzunguko wa miaka 3: Matayo, Marko, Luka. Somo ambalo mama yako anasikia kwao leo ndilo unalosikia Lyon. Tumia hilo. Ijumaa usiku soma Injili ya Jumapili kwa Kiswahili. Jumamosi isome kwa Kifaransa kwenye aelf.org, ambako maandishi ni yale yale yatakayosomwa mimbarini. Chagua maneno matano tu usiyoyajua, siyo ishirini. Jumapili usifuate kwenye simu. Simu ikiwa mkononi macho yanasoma na masikio yanalala. Sikiliza, na uyangoje maneno yako matano yapite. Waprotestanti waulize ni Biblia ipi inatumika hapo. Segond ya mwaka 1910 bado inapendwa na wengi, na ndani yake Bwana wa Agano la Kale anaitwa "l'Éternel".

Hapa ndipo kuna mtego mkubwa, na ningependa kila au pair aujue wiki ya kwanza. Kifaransa cha Biblia kina wakati uliopita ambao hakuna anayeuongea. "Jésus gravit la montagne. Il s'assit, et ses disciples s'approchèrent de lui." Yaani Yesu alipanda mlimani, akaketi, wanafunzi wake wakamjia. Mzuri sana kusikia, lakini usimwambie mama wa nyumba kwamba mtoto "s'assit". Sema "il s'est assis". Uelewe ukiusikia, usiutoe mdomoni.

Mtego wa pili ni "tu". Mungu anaitwa "tu" kwenye sala zote, na sisi tunafikiri basi "tu" ni ya heshima kuu. Sivyo. Padre ni "mon Père" na "vous". Wazee wote kanisani ni "vous" mpaka wao wenyewe wakuambie vinginevyo. Watoto unaowalea ni "tu". Makanisa mengi ya kiinjili watu huitana "tu" na "frère", "sœur", kwa hiyo sikiliza wanavyofanya. Na hakuna shikamoo. Mahali pake pamechukuliwa na "Bonjour Madame", "Bonjour Monsieur", na inatangulia swali lolote. Anayeuliza njia bila "bonjour" anaonekana hana adabu, hata kama ameinama. Kumwita mama wa watu "Maman" kwa heshima, kama tulivyozoea, kwa Mfaransa ni jambo la ajabu. Kwenye makanisa ya Wakongo, ambayo ni mengi Paris na viungani mwake, "Maman" na "Papa" ni sawa kabisa, na ukikutana na watu wa Goma au Bukavu huenda mkajikuta mnaongea Kiswahili mlangoni.

Mahubiri ndiyo magumu kuliko yote. Usijilaumu. Majengo ya mawe yana mwangwi unaofuta herufi, kwa hiyo kaa safu ya tatu au ya nne, karibu na spika, siyo nyuma kabisa tunakojificha wageni. Shika neno moja linalorudiwa, uliandike, ulitafute nyumbani. Parokia nyingi zina mapadre kutoka Afrika, na Kifaransa chao kwa kawaida huwa rahisi kwa sikio letu.

Wengi husimama kuondoka yanapoanza matangazo. Wewe kaa. "Les annonces" ni Kifaransa cha kweli cha kila siku: tarehe, saa, namba za simu, nani alete keki, nani asaidie kupanga viti. Hapo ndipo utajifunza kwamba 70 ni "soixante-dix" na 90 ni "quatre-vingt-dix", na kwamba namba ya simu husomwa mbili mbili. Andika unachosikia, kisha linganisha na karatasi iliyopo mlangoni. Ukikosea namba, umeona udhaifu wako uko wapi. Ukisikia "verre de l'amitié" au "repas partagé", usikimbie. Ya kwanza ni kinywaji cha pamoja, ya pili kila mtu analeta chakula. Chapati zinapendwa sana, na watakuuliza zinapikwaje. Ujiandae na "farine" (unga), "huile" (mafuta), "pâte" (unga uliokandwa), "rouleau" (mti wa kusukumia).

Usikate tamaa kwa ukimya. Misa ya Kifaransa ni kama saa moja, hakuna vigelegele, watu wanaimba taratibu, na viti vitupu ni vingi. Si kwamba hawakutaki. Wakati wa amani geuka, toa mkono, sema "la paix du Christ". Sadaka inapitishwa kwa kikapu, hakuna anayetangaza jina lako. Kwenye fedha ya euro 320 sarafu moja au mbili zinatosha. Ukiona bahasha za "denier" ni mchango wa mwaka wa kulitunza Kanisa, haulazimishwi. Kanisa lolote linalokudai fungu la kumi kwa kukufuatafuata, au linalotaka kukutunzia pasipoti, ondoka. Baridi ni ya kweli: makanisa ya zamani hayapashwi moto vizuri, koti halivuliwi. Komunyo, usipopokea, panda kwenye foleni ukiwa umekunja mikono kifuani, utabarikiwa.

Ijumaa Kuu si sikukuu ya taifa Ufaransa, isipokuwa sehemu za Alsace na Moselle. Aliyezoea kupumzika siku hiyo Dar au Nairobi atashangaa kuambiwa awachukue watoto shuleni. Omba jioni hiyo wiki kadhaa mapema. Jumatatu ya Pasaka, Alhamisi ya Kupaa, tarehe 15 Agosti na tarehe 1 Novemba ni siku za mapumziko, ila watoto nao wanakuwa nyumbani, kwa hiyo ziulizie pia.

Paris na miji mikubwa kuna makanisa ya Kiingereza. Mkenya, Mtanzania na Mganda watajisikia nyumbani humo, na upweke ni kitu kizito, siwezi kumkataza mtu. Mara moja kwa mwezi, sawa. Ukienda kila Jumapili, mwaka utaisha Kiingereza chako kikiwa kimenoga na Kifaransa kikiwa pale pale. Zuri zaidi ni "aumônerie étudiante", huduma ya wanafunzi, ambako wenzako wana umri wako na mara nyingi kuna chakula baada ya Misa. Ukipata likizo, jumuiya ya Taizé iliyoko Bourgogne hupokea vijana wiki hadi wiki, na nyimbo zake za mstari mmoja unaorudiwa ni zoezi la matamshi la aina yake.

Watakuomba uangalie watoto wadogo wakati wa Misa, maana wameshasikia kazi yako ni nini. Kubali kwa zamu, Jumapili moja kati ya nne. Kila wiki hapana: hutasikia Misa, na siku yako ya mapumziko imegeuka kazi. Kwaya nayo kubali bila kusita. Mwalimu wa kwaya anasimamisha watu ishirini kwa ajili ya vokali moja, na hakuna mwalimu wa lugha mwenye subira hiyo.

Miezi ikipita, jitolee kusoma. Usianze na Paulo. Anza na "prière universelle", maombi ya waamini, sentensi fupi fupi zinazoishia na "prions le Seigneur". Ukizimudu, omba somo la kwanza. Pata maandishi siku tatu kabla, yachape kwa herufi kubwa, chora upinde mdogo kila maneno yanaposhikana, na piga mstari chini ya majina: "Thessaloniciens", "Ézéchiel". Mwombe mzee mmoja akusikilize mara moja. Mimbarini usisome maneno "première lecture" wala kichwa kidogo cha maandishi mekundu. Anza na "Lecture du livre du prophète Isaïe", tua, kisha endelea taratibu kuliko unavyodhani inafaa, kwa sababu mwangwi unahitaji muda. Ukikwama kwenye neno, rudia neno hilo peke yake, usirudie sentensi nzima. Mwishoni nyamaza kidogo, inua macho, sema "Parole du Seigneur", na usishuke mpaka wamalize kujibu.